Mgahawa wa Kiitaliano hapa Dodoma, chakula kimeniangusha mbele ya mama. Nyie mngerudisha sahani?

binti_wa_mpwapwa

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu maana hili jambo limenikaa rohoni tangu jumamosi.

Mama alikuja kutoka Mpwapwa kupima macho, majibu yakatoka mazuri nikafurahi sana, nikasema leo hatuli wali kuku wa kila siku, nampeleka mahali pametulia tukae tule taratibu. Kuna mgahawa umeandika kabisa nje kwamba wanapika Kiitaliano, jina silitaji. Tumefika saa saba kasoro robo, meza zenye watu hazizidi nne. Mimi nikaagiza carbonara, zile tambi za Kiitaliano, 24,000, mama nikamchagulia tambi za sosi ya nyama 22,000 kwa sababu nilijua nyanya na nyama ya kusaga haviwezi kumshinda.

Chakula kimefika saa nane na dakika tano. Yangu ilikuwa imezama kwenye krimu nyeupe kama uji, nikachoma uma nikavuta, ikaja bonge zima mpaka sahani ikabaki wazi upande mmoja na chini kuna maji yametuama. Ya mama sosi ina sukari jamani, sukari ya kuonja kabisa, nyama ya kuhesabu, pembeni tambi zinaunguza ila katikati za baridi. Mama akala vijiko kama vinne hivi akaweka uma chini, akaniambia kwa sauti ya chini ili mhudumu asisikie, "mwanangu hizi zililala". Alikuwa ananisitiri mimi niliyemleta.

Mhudumu kapita kauliza kila kitu kiko sawa, na mimi nikajibu sawa. Hapo ndo panaponiuma. Bili ikaja na soda mbili za 3,000, jumla 52,000, halafu chini wameongeza VAT 9,360 ikawa 61,360. Nikalipa tukaondoka, nyumbani mama akasonga ugali wa uwele na mlenda tukala vizuri.

Sasa nauliza, nyie mngerudisha? Na carbonara ndivyo ilivyo, mimi ndo siijui?

jikoni_mwaka_wa_tisa

Pole sana dada, na mpe pole mama. Mimi ni mpishi, nilianzia Zanzibar kwenye hoteli ya Waitaliano ndo nikaja Dodoma, kwa hiyo hapa naongea kitu ninachokishika kila siku.

Carbonara haina krimu. Ni mayai, chizi ya pecorino ambayo ni ya maziwa ya kondoo, nyama ya shavu la nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi (wengi huku tunaweka bekoni, si mbaya) na pilipili manga basi. Ule ulaini unatokana na yai na chizi na maji kidogo yaliyochemshia tambi, unatoa kwanza sufuria kwenye moto ndo unamimina yai, ukichelewa kutoa linakuwa yai la kuvuruga. Sasa mpishi akishaharibu mara mbili anakimbilia krimu maana krimu haigandi, na chizi yenyewe ni ghali anaibania.

Lile bonge mama kasema kweli kabisa, zililala. Zimechemshwa mapema zikawekwa friji, ukiagiza zinapitishwa maikrowevu, ndo maana pembeni moto katikati baridi. Hayo maji chini hawakuchuja vizuri. Kinachonishangaza ni hiyo saa nzima na zaidi, kama tambi zilikuwa tayari mlikuwa mnasubiri nini? Na sukari ni kuficha ukali wa nyanya ya kopo, wakati nyanya mbivu soko la Majengo zipo kila siku, hiyo inaniudhi kuliko hata krimu.

Ningekuwa mimi jikoni ningependa urudishe. Sahani ikirudi imejaa naonja najua kosa, ukisema sawa mimi huku ndani najua ni sawa na kesho napika vilevile.

mkazi_area_c

Dada mimi nimesimama kwenye hiyo VAT. Bei ya kwenye menyu inatakiwa iwe na VAT ndani tayari, sio uje uongezewe asilimia 18 mlangoni. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, walikupa? Kama unayo rudi nayo uongee na meneja kwa utulivu, kama hawakukupa ndo ukaidai kabisa, ni haki yako. 9,360 ni hela, hiyo nauli ya mama.

mama_mgahawa_mtumba

Naomba niseme upande wa pili jamani. Nina mgahawa mdogo huku Mtumba, nilianza kupika tambi zenye ugumu kidogo ndani kama inavyotakiwa, al dente, wateja wakawa wanarudisha wanasema mbichi, wiki moja nilimwaga sahani sita. Nikaanza kuchemsha mpaka zinalegea na malalamiko yakaisha. Pia Dodoma tuko juu, mita kama 1,100 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo dakika za kwenye paketi ukizifuata hazitoshi, ni lazima uonje, na vijana wengi jikoni hawaonji wanaangalia saa tu. Ila friji na maikrowevu kwa bei ya 24,000 hapana, hapo siwatetei.

binti_wa_mpwapwa

Asanteni sana wote. Risiti ninayo, kesho nikitoka kazini napita pale. @jikoni_mwaka_wa_tisa mama anaondoka alhamisi, nataka nimpikie mwenyewe ile ya nyama kabla hajaondoka, naanzia wapi?

jikoni_mwaka_wa_tisa

Hiyo nzuri dada. Kaanga taratibu kitunguu na karoti umekata vidogo sana, na selari kama utaipata, weka nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo iive mpaka maji yake yakauke na ianze kushika rangi, mimina divai nyekundu kavu nusu kikombe, hii ya hapahapa Dodoma inafaa kabisa, ikikauka weka nyanya ulizomenya na kukatakata, moto mdogo masaa mawili usiwe na haraka, ukiona inakauka ongeza maji kidogo. Sukari usiweke. Tambi gramu 100 kwa mtu, kila gramu 100 lita moja ya maji na chumvi gramu 10, chemsha mkishakaa mezani sio kabla, anza kuonja dakika mbili kabla ya muda wa kwenye paketi. Ukishachuja zigeuze ndani ya sosi hapohapo. Kwanza mpe mama aonje tambi moja, akisema bado ngumu muongezee dakika moja, yeye ndo mlaji.