Tangi la presha la lita 24 kwenye pampu ya kisima: nibadilishe?

bomba_kavu
Wakuu, naomba msaada. Pampu ni ya kuzamishwa kisimani, hp 1. Ukitega ndoo ya lita 20 kwenye bomba kuu kabla ya tangi, inajaa kwa sekunde 27. Swichi ya presha inawasha kwenye bar 2 na kuzima kwenye bar 3.5. Tangi ni lile lenye mpira ndani, lita 24. Shida ni kwamba bomba la jikoni likifunguliwa peke yake, pampu inawaka na kuzima kila baada ya sekunde 4 au 5. Nafikiria la lita 100, litatosha? Na nikipandisha presha ili bafu la ghorofani lipate nguvu, kuna ubaya?

FundiKoki
Usiangalie lita zilizoandikwa ubavuni mwa tangi. Angalia maji linayotoa tangu pampu izime hadi iwake tena, maana sehemu kubwa ya tangi ni hewa.

Hesabu yake: ongeza 1 kwenye presha ya hewa ya tangi, ya kuwashia na ya kuzimia. Gawanya ile ya hewa kwa ya kuwashia, kisha gawanya ile ya hewa kwa ya kuzimia, na jibu la pili litoe kwenye la kwanza. Hewa huwekwa chini kidogo ya presha ya kuwashia, kwako ni bar 1.8. Kwa hiyo 2.8 ÷ 3 = 0.93, na 2.8 ÷ 4.5 = 0.62, inabaki 0.31. La lita 24 linakupa lita 7 na nusu tu, la 100 lita 31.

Pampu ya saizi hii ikiwaka inapaswa kwenda angalau dakika 1 bila kuzima. Kila mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, na joto lile linahitaji muda wa kupoozwa na maji yanayopita. Yako inatoa kama lita 44 kwa dakika, na 44 ÷ 0.31 ni 142. La 100 limepungukiwa, chukua 150.

Kupandisha presha kunapunguza maji ya tangi. Ukiweka 2.8 na 4.2, na hewa 2.6, unabaki na kama 0.25 tu. La 150 litatoa kama lita 38, halifiki dakika. Ila hakikisha kwanza pampu inaweza kufika 4.2, kwa sababu isipofika haitazima kabisa.

mzee_wa_valvu
Hesabu haina kasoro, lakini dalili aliyoitaja si ya tangi dogo. Bomba la jikoni likitoa lita 10 kwa dakika, hata hizo lita 7 na nusu zingechukua kama sekunde 45 kuisha. Sekunde 4 ni tangi lililojaa maji, halina hewa ya kusukuma.

Zima umeme wa pampu. Fungua bomba hadi geji isome 0, uliache wazi. Halafu bonyeza kidogo sindano ya valvu ya hewa ya tangi. Yakitoka maji, mpira umepasuka. Ikitoka hewa, pima kwa geji ya matairi. Usipime tangi likiwa bado na maji yenye presha, geji itakusomea presha ya maji na utadhani hewa ipo.

Tazama pia swichi imefungwa wapi. Swichi, geji na tangi vikae pamoja. Kukiwa na valvu ya kuzuia maji kurudi katikati ya swichi na tangi, hata tangi jipya litakuwa na ugonjwa huo huo.

tonetone
Nyongeza ndogo: kama kisima chenyewe kina maji machache, tangi la presha la ukubwa wowote halitakuongezea. Hapo unahitaji tangi la kuhifadhia na pampu ya pili ya kusukuma ndani ya nyumba.

bomba_kavu
Nimebonyeza, hakitoki kitu. Si maji, si hewa. Geji ya tairi inasoma 0.

mzee_wa_valvu
Hewa ilivuja, mpira ukavimba hadi ukagusa ukuta wa tangi. Pampu ikiwa bado imezimwa na bomba wazi, jaza hewa polepole kwa pampu ya baiskeli. Maji yaliyonasa yatatoka bombani. Yakiisha na geji ikapanda hadi 1.8 na kutulia, mpira ni mzima. Ukiona mapovu ya hewa bombani na geji haipandi, umetoboka. Kisha paka maji ya sabuni kwenye valvu, mara nyingi mvujo uko kwenye ile sindano, na inabadilishwa kama ya tairi.

bomba_kavu
Imepanda hadi 1.8 na imetulia. Sindano ilikuwa inatoa mapovu, nimebadilisha. Basi sihitaji kununua?

FundiKoki
Unahitaji, kwa sababu lita 7 na nusu pampu yako inazijaza kwa sekunde 10, bado mbali na dakika. Lakini sasa usilitupe hilo dogo. Lifunge kwenye laini moja na la lita 150, yote yakiwa na hewa bar 1.8: lita 174 mara 0.31 ni 54, inatosha kwa presha uliyonayo. Ukiamua kupandisha hadi 4.2, mawili hayo yakiwa na hewa 2.6 yatakupa kama lita 44, yanapita kwa chupuchupu.