Slaidi za kuskani: kupunguza mwanga au kufuata ISO ya kwenye boksi?

Kitasa: Wakuu, nina roli mbili za Velvia 50 na moja ya Ektachrome E100, filamu za slaidi (picha yenyewe hutokea kwenye filamu, si negativu). Nataka kupiga Mji Mkongwe: milango ya nakshi, kuta za chokaa, jua la saa nne asubuhi. Wakongwe wananiambia kwa Velvia niseti kamera ISO 64 badala ya 50 ya kwenye boksi, mwanga upungue kidogo ili rangi zikolee. Sina projekta, zote zinaingia Epson V600, skana ya mezani. Nifuate lipi?

MzeeProjekta: Kijana, theluthi ya stopu chini (stopu moja ni mwanga maradufu au nusu yake) ndiyo ilikuwa desturi yetu. Slaidi ikizidi mwanga, peupe panabaki plastiki tupu. Kwenye giza angalau kuna kitu. Siachi.

NuruYaLamu: Shikamoo mzee. Kitu kipo, ila nani anakiona? Balbu ya projekta inapenya, skana ya mezani haipenyi. Epson wenyewe wameiandikia V600 densiti 3.4, yaani kipimo cha weusi wa mwisho inaoweza kuusoma, na weusi wa Velvia unapita 3.5. Ukivivuta vivuli kwenye kompyuta unaambulia chengachenga. Kitasa, weka 50. Pima ukuta mweupe peke yake kwa spoti (kamera ipime sehemu ndogo tu ya fremu), halafu ongeza stopu moja na nusu. Ukifika mbili na nusu, chokaa imeungua.

FundiMeza: Mie slaidi naiweka juu ya kisanduku cha mwanga na kuipiga kwa kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro. Picha moja kwa ajili ya peupe, nyingine stopu mbili zaidi kwa vivuli, naziunganisha. Slaidi nzito kidogo, yenye giza, hainisumbui. Kwa hiyo mzee hajakosea, ni suala la unaisoma kwa chombo gani.

Kitasa: Na kupiga kila mandhari picha tatu, ya kawaida, nusu stopu juu na nusu chini?

BintiSaid: Roli ya 36 inakwisha kwa mandhari 12! Kwa bei ya Velvia, fanya hivyo kwa mlango unaoupenda kweli. Tena slaidi inabeba tofauti ya kama stopu tano tu kati ya peupe na peusi. Ukuta juani na mlango ulio kivulini havikai fremu moja, hata useti nini. Tafuta uchochoro ambao wote uko kivulini. Utaona ubluu kidogo, filta ya 81A, yenye umanjano hafifu, inautuliza.

NuruYaLamu: Anza na E100, rangi na kontrasti yake si kali kama za Velvia. Skani kwa biti 48, ili rangi zirekodiwe kwa undani zaidi.

MzeeProjekta: Marahaba. Piga mlango mmoja kwa 50 na kwa 64, uzilete zote mbili. Projekta nitakuazima.