Baba mkwe anataka mjukuu aitwe Fumo. Jina hili asili yake nini?

Mama Kijacho: Hamjambo wanajamvi. Naomba ushauri kabla sijakosana na wakwe. Natarajia mtoto wa kiume siku yoyote kuanzia sasa. Mume wangu kwao kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, mimi nimekulia bara. Baba mkwe keshatoa jina: Fumo. La babu yake, anasema, na hakuna aliyelirithi. Mama yangu kulisikia tu akaguna: fumo ni mkuki, utampaje mtoto jina la silaha? Dada yangu naye kashikilia kuwa si la Kiislamu. Mume kanyamaza kama hayumo. Nyie mngempa mwanenu?

Chumvi Kidogo: Hongera dada. Ila jiandae, shuleni ataitwa Mfumo. Akisinzia darasani tu: "mfumo uko chini" 😂

Mzee wa Amu: Mwanangu, mama yako hajakosea, fumo ni mkuki wa bapa pana. Lakini kwetu ni cheo pia, na cha wakubwa. Watawala wa Pate wa ukoo wa Nabahani walitanguliza Fumo mbele ya jina: Fumo Madi, Fumo Luti. Hata Witu, usultani wa bara jirani na Lamu, Waingereza walipoishambulia Oktoba 1890, aliyekuwa akitawala ni Fumo Bakari. Baba mkwe wako anampa mjukuu heshima, hampi silaha.

Msomaji Kimya: Naongezea hapo kwa Mzee. Malawi chifu huitwa mfumu, na Wakongo kule magharibi wana neno hilohilo kwa maana hiyohiyo. Kwa hiyo Fumo ni neno la Kibantu, la zamani sana, halikuja na jahazi. Binafsi naona hii ndiyo raha yake. Majina mengi ya pwani tumeyapokea, hili ni la nyumbani.

Binti Saumu: Samahani kuharibu sherehe, ila Fumo maarufu kuliko wote ni Liyongo, yule shujaa wa hadithi za pwani, na yeye aliuawa na mwanawe wa kumzaa! Alichomwa sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Mimi nisingethubutu.

Mzee wa Amu: Binti, mwenye aibu hapo ni mwana aliyehongwa kwa ahadi ya kuozwa binti mfalme, na yeye hakuitwa Fumo. Mbona husimulii ya Liyongo gerezani? Mamake alimpikia mkate mzuri na mkate wa pumba. Walinzi wakaula mzuri, wa pumba wakamwachia mfungwa. Ndani ya pumba mna tupa, ile ya kukerezea chuma! Usiku nje wakapiga ngoma ya gungu, matwazi na vigoma vikivuma, naye ndani anakereza pingu, hakuna aliyesikia. Na hata alipochomwa, alikufa amepiga goti karibu na kisima, mshale upindeni, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mwenye jina hilo hana cha kuonea haya.

Ustadhi Mpole: Kuhusu dini, dada yako asikutie hofu. Jina si lazima liwe la Kiarabu, linalotakiwa ni maana njema. Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu aitwaye Hazn, yaani ugumu, ajiite Sahl, wepesi. Hazn ni Kiarabu safi, na bado halikumpendeza. Fumo kwa maana ya kiongozi halina tatizo. Kama moyo hautulii, fanyeni kama wale wa zamani, Fumo mbele, na jina jingine nyuma yake.

Chumvi Kidogo: Fumobakari basi, mambo yaishe.

Kaskazi: Mimi ningeangalia jambo moja tu: kwenye cheti liandikwe mara moja na kwa namna moja. Mkiamua Fumobakari neno moja, liwe hivyo kliniki, shuleni na kila mahali. Majina ya pwani ya maneno mawili hukatwakatwa na makarani, mtoto akikua anakuta kila karatasi ina mtu wake. Halafu mume azungumze na mama mkwe wake mwenyewe, hiyo kazi si yako.

Mama Kijacho: Nimesoma zote, ahsanteni. Nimempelekea baba mkwe wazo la Fumobakari, kacheka sana. Bakari ni nduguye, na hawasemezani kwa ajili ya shamba la minazi. Tumekubaliana Fumomadi. Mama yangu bado anaguna, ila kashaanza kumwita Madi.