Re: Kliniki ya kikundi kwa wajawazito, nikubali?

Shikamooni dada zangu wa Kigoma mlioko Marekani. Nina mimba ya kwanza, miezi minne. Kliniki wameniuliza nataka kuonana na mkunga peke yangu au niingie kikundi cha wajawazito. Kiingereza changu bado, na kushikwa tumbo mbele za watu siwezi. Nifanyeje?

—

Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Ingia kikundi. Kwetu kliniki unaijua, wamama wamejaa kwenye benchi na kadi mkononi, ukifika kwa nesi ni kupimwa, vidonge vya damu, SP ya kuzuia malaria unameza palepale, haya mwingine, maswali yako unarudi nayo Ujiji. Huku nako ukienda peke yako dakika chache tu umeshatoka. Kikundi mnakaa duara saa moja na nusu mpaka mbili, wanawake 8 mpaka 12 ambao tarehe zenu za kujifungua zinakaribiana, mkunga yuko nanyi muda wote, vikao kama 10. Utaratibu huu aliuanzisha mkunga wa hukuhuku Marekani, Sharon Schindler Rising, miaka ya 1990, na umeshajaribiwa mpaka Malawi na kwetu Tanzania.

Tumbo usiwaze. Unalala kwenye kigodoro pembeni, mkunga anapima, mnasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, basi. Kipimo cha ndani ni chumbani, wewe na yeye. Presha na uzito unajipima mwenyewe na kuandika, na hii ndo naipenda kuliko yote, maana ukiona 140/90 unajua presha imepanda, hungoji kuambiwa, wakati kwetu mtu kichwa kinamgonga, macho yanaona maluweluwe, anasema ni uchovu wa shamba, kumbe kifafa cha mimba kinakuja.

Lugha, dai mkalimani. Ni bure, hospitali inayopokea hela za serikali kuu inabanwa na sheria. Usikubali mume akutafsirie, kuna mambo utayameza.

Na pemba, ule udongo wa kutafuna, kama unakula, sema. Kikundini kwetu dada mmoja wa Kikongo alitoa kipande kwenye pochi akauliza kama kina ubaya, mkunga hakumcheka wala kumgombeza, akaagiza apimwe damu, maana hamu ya udongo mara nyingi inakwenda na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuwa na madini ya risasi yanayomdhuru mtoto. Wengine wawili wakanyoosha mkono hapohapo. Peke yao na daktari wasingesema.

—

Habari zenu, mimi ni nesi niko Kigoma mjini. WHO tangu 2016 wanataka mama ahudhurie angalau mara 8, huku wengi wanakuja mimba imeshakuwa kubwa. Dada, naomba mnayojadili kila kikao uniandikie, nataka nijaribu kuwakalisha wamama wa miezi inayolingana siku moja. Na wewe mdogo wetu, ukitaka kuja likizo na mimba mwambie mkunga kabla ya kukata tiketi, kinga ya malaria inapungua ukikaa nje, kuzaliwa Kigoma hakukulindi.

—

Asanteni sana. Nimepiga simu, naanza Alhamisi na mkalimani wa Kiswahili wameshaniandikia. Mume naruhusiwa kuja naye?

—

Vikundi vingi vinaruhusu, waulize. Akikosa ruhusa kazini basi apiganie vile vikao vya mwisho, ndo mnafundishwa dalili za uchungu na wakati wa kukimbia hospitali. Nesi, nakuandikia leo usiku.