Mashini ya kunyoa ndevu kila siku: ya vichwa tatu, ya grile, ao tondeze tu?

mutoto_wa_Nyawera (Bukavu)
Ba kaka na ba dada, jambo. Mi natumika pa mapokezi ya oteli moja hapa Bukavu na patron hapendi kuona ndevu ata kidogo, kila asubui uso lazima iwe safi. Miaka tatu nanyoaka na nyembe, sasa shingo yote imejaa vipele, vingine viko na usaha, nikivaa shemizi nyeupe ikifika saa ine kola iko na alama ya damu, haya mbele ya wageni. Muyomba yangu mwenye kuwa Bruxelles anasema kuko mutu anakuja mwezi ujao, anaweza nitumia mashini, ananiuliza nachagua gani: ile ya vichwa tatu ya kuzunguka ya Philips, ao ile ya grile ya Braun, yenye chuma ya matundu juu ya visu, ao nimuombe pesa tu nijinunulie tondeze ndogo ya Wachina, ile mashini ya meno ya kukata nywele, kule Kadutu na ingine ibakie mu mufuko. Umeme ya kwetu munaijua, inaweza enda siku mbili. Mwenye ametumia anielezee. Lakini tafazali mutu asinijibu «yenye bei kali njo muzuri», hiyo nilishasikia ku biro yote.

lushois_wa_Katuba (Lubumbashi)
Yaya, chukua vichwa tatu, usiulize tena. Mi niko nayo mwaka ya ine. Inapita muzuri pa kidevu na chini ya taya, fasi yenye ile ya grile inasumbuka, na ata ukikaa siku mbili tatu bila kunyoa inakamata tu ndevu ndefu, ya grile ikikuta ndevu ndefu inalala chini yake inapita. Unaipeleka kwa mizunguko midogo midogo, hauisukume sana. Kelele haina, mi nanyoaka mutoto amelala mu chumba hiyo hiyo.
Mubaya yake ni moja: vichwa vinachoka. Philips wenyewe wanasema kubadirisha kisha mwaka moja ao miaka mbili, inategemea modele. Mi nilizunguka Lubumbashi yote sikupata vyenyewe, mwisho ndugu moja aliniletea toka Afrika ya Kusini na bei ilikaribia nusu ya mashini. Karibu nilie.

muzee_wa_nyembe
Nyembe na sabuni. Ingine yote michezo ya vijana.

mutoto_wa_Nyawera
Muzee, na heshima yote, nyembe njo imenileta hapa 😅

fundi_Birere (Goma)
Mi natengenezaka bintu bya umeme hapa Birere basi niwaambie yenye minaona ku meza yangu. Mbele ya kuuliza vichwa tatu ao grile, geuza sharjere na usome maandiko madogo. Ikiandikwa 100-240V uko salama, inakubali umeme ya kila fasi. Ikiandikwa 120V tu, iyo ni ya Marekani, kwetu ni 220V, ukiichomeka bila transfo utasikia tu harufu. Mwaka huu peke yake nimepata tatu za hivyo, zote zilitumwa na ndugu wa kule na mapendo, na zote zilikufa siku ya kwanza. Ya muyomba yako wa Bruxelles haina hiyo shida, kule ni 230V.
Ya pili, na hii njo kubwa kwa mutu wa Bukavu: inachajiwa namna gani? Hizi tondeze za sasa mingi zinachajiwa na USB, kamba sawa ya telefone, maana yake umeme ikienda unachomeka ku pawabanki ao ku plaki ya jua na maisha inaendelea. Razwari kubwa za Ulaya nyingi ziko na kamba yake peke yake na sharjere yake peke yake, ikipotea ao ikikatika unaanza kutafuta kama mutu ametafuta mbuzi. Lakini betri ya litiyumu ikishajaa inakupa karibu dakika 50 ao 60, kunyoa uso ni dakika tano, kwa hiyo umeme ikipotea siku mbili haitakusumbua. Ila usiiache miezi imekauka kabisa mu droo, litiyumu haipende hiyo, ikirudi kwangu ni kubadirisha betri tu.
Kuhusu grile: ile chuma yenye matundu ni nyembamba sana, chini yake visu vinaenda kushoto na kuume mbio mbio. Ikianguka na ikapata ata katundu kadogo, acha mara moja, itakukata. Minaonaka watu wanaendelea nayo «ju ingali inanyoa». Inanyoa na nyama.

mwalimu_mstaafu (Bukavu)
Kijana, kwa kukuongezea tu: hiyo ya kuzunguka si kitu kipya. Philips waliitoa mwaka wa 1939, ilichorwa na injinia Alexandre Horowitz, na ile ya kwanza ilikuwa na kichwa kimoja tu, vichwa vitatu vilikuja 1966. Upande wa grile, Braun walianza mwaka wa 1950. Basi mabishano haya yenu yana umri wangu mimi.

kinyozi_Kadutu (Bukavu)
Mi nasoma tangu juu na hakuna mutu ameuliza kitu ya kwanza. Weye mutoto wa Nyawera, ndevu yako inapinda?
Ju kama inapinda, sawa vile ya wengi wetu, basi tatizo yako haiko nyembe, iko kunyoa chini sana. Ndevu yenye kupinda ukiikata chini ya ngozi, ncha inabakia kali kama sindano, ikianza kuota inageuka inaingia mu ngozi tena, mwili unafikiri kitu ya kigeni imeingia, njo hivyo vipele. Nyembe za lamu tatu ao tano ni mbaya zaidi kwa hiyo, lamu ya kwanza inavuta, ya pili inakata, ndevu inarudi ndani. Na ile ya grile nzuri ya bei, yenye wanasifia kwamba inanyoa laini sawa nyembe, inafanya kazi ile ile ya nyembe. Vichwa tatu ukivisukuma, vile vile. Umelipa dola nyingi ujipatie vipele vile vile na umeme.
Mi kwangu saloni wenye shingo kama yako nawafanyia na tondeze bila kitana. Inabakisha karibu nusu milimita. Ukigusa unasikia kitu, lakini ukitazama toka mbali ya meza ya mapokezi uso iko safi. Unafata vile ndevu inalala, ya shingo mara mingi inalala upande, usiivute ngozi, usirudie fasi moja mara kumi. Ni hiyo tu. Na kuna watu wenye nyuma ya kichwa wamekuwa na nundu ngumu ju kila wiki wanaomba «shusha mpaka sufuri», nakataa, wanaenda kwa mwingine, kisha miezi wanarudi.

dada_Panzi (Bukavu)
Niko muforomo. Kinyozi amesema ukweli, niongeze tu. Kaka, vyenye viko na usaha usinyoe juu yake na mashini yoyote, pumzisha shingo wiki tatu ine, patron akikataa omba karatasi kwa muganga, patron wengi wakiona karatasi wananyamaza. Usivikamue na sindano. Ukiona vinazidi ao vinageuka vinundu vigumu, enda kwa muganga wa ngozi, usinunue pomade ya soko, mingi iko na kortizoni kali na utaharibu ngozi.
Na mashini ni ya mutu moja, si ya nyumba nzima! Damu kidogo yenye hauioni inatosha kupitisha epatiti B. Kisha kunyoa piga brosi, pangusa visu na alkoli, acha ikauke.

mutoto_wa_Nyawera
Aksanti sana wote. Kinyozi, ndevu inapinda, ata nywele ya mikono inapinda 😂 Lakini patron wangu anasongaka karibu kabisa kutazama, nusu milimita ataiona?

kinyozi_Kadutu
Kama ngozi yako iko nyeusi na ndevu nyeusi, haioni. Kama uko mweupe kidogo utabakia na kivuli kama cha saa kumi na moja ya jioni. Siku ya ndoa ao ya mugeni mukubwa, kopa ya grile upite mara moja, nyepesi, usirudie kesho yake. Kila siku, tondeze.
Na mafuta, mafuta! Matone mbili ku meno yake, iwashe sekunde kumi, pangusa. Mafuta ya sherehani inafaa. Kuna mutu aliniletea mashini «imekufa», kumbe alitia mawese. Na baridi ya Bukavu mawese iliganda ndani ikawa sabuni.

lushois_wa_Katuba
Mawese 😭😭 Bon, mi nabakia na vichwa tatu vyangu, ndevu yangu haipinde sana na vipele sijuake. Lakini kwa weye yaya kinyozi amesema sawa, narudisha maneno yangu.

mama_Junior_Ibanda
Na ile OneBlade? Nilinunulia papa Junior, si ya vichwa wala ya grile, iko kama kisu kidogo kinacheza, haishushe sana, vipele vilipunguka ata mwezi haukuisha. Ila kisu chake cha kubadirisha iko lazima uagize mbele.

fundi_Birere
Mama, iyo ni nzuri, kisu kimoja wanahesabu miezi ine ukinyoa mara mbili kwa wiki. Mwenye kunyoa kila siku kitakwisha mbele. Piga hesabu na uone wapi utavipata.
Mutoto wa Nyawera, ukienda Kadutu kununua: iwashe mbele ya kulipa, na usikilize. Sauti iwe moja tu, ikipanda na kushuka bila kugusa kitu betri ni mbovu. Pitisha pole pole ku nywele ya mukono, ikivuta acha. Fungua meno, ikitoka kirahisi unaweza safisha. Na ile kartoni yenye imeandikwa jina kubwa kwa bei ya kalanga, unajua weye mwenyewe.

mutoto_wa_Nyawera
Narudi kisha wiki tano. Nilikamata karatasi kwa muganga, patron alinung'unika lakini alinipa wiki tatu ya kukaa na ndevu, wageni wakaanza kuniita pasta. Kisha nikanunua tondeze ya USB, dola 18, muuzaji alianza 30. Naichaji ku pawabanki. Vipele vipya viko mbili tu, vya zamani vimeacha madoa meusi, dada Panzi hiyo itaenda? Patron alinitazama asubui moja, akatazama tena, akasema «leo njo umenyoa muzuri», na nilikuwa nimenyoa jana yake.
Sasa shida. Muyomba hakungojea jibu yangu. Mutu wake amefika jana na vichwa tatu, kartoni haijafunguliwa, na siwezi mwambia siitake. Lushois, vichwa vyako vimebakisha miezi ngapi?

lushois_wa_Katuba
Nitumie picha ya nyuma ya kartoni, yaya. Ile fasi ya modele. Haraka.