Madalali wa viwanja Bagamoyo, acheni kutuuzia dakika

Wakuu, hili limezidi. Kila tangazo la kiwanja Bagamoyo, iwe mjini au huku njiani Kerege, Zinga na Kiromo, lina mstari uleule: "Dakika 45 tu kutoka Dar." Dar ipi hiyo?

Tupige hesabu. Posta, katikati ya Dar, hadi Bagamoyo mjini ni kama kilomita 65. Ili uzimalize kwa dakika 45, gari liende wastani wa kilomita 87 kwa saa tangu Posta, bila taa, bila tuta, bila trafiki. Basi la abiria kisheria mwisho wake ni 80, na kwenye makazi ni 50. Posta mpaka Tegeta, kama kilomita 25, ni mji mtupu: kwa 50, nusu saa imekwenda. Arobaini zilizobaki kwa 80 ni nusu saa nyingine. Saa nzima, na hapo barabara nyeupe usiku wa manane, gari halisimami popote.

Kosta sasa, yaani basi dogo la abiria, kazi yake ni kusimama. Kituoni Makumbusho inajaza kwanza. Konda hatoki kiti kikiwa wazi. Vituo 25 vya dakika mojamoja, ongeza dakika 25. Mwenge hadi Tegeta, zile kilomita 12.9, angalau njia ni mbilimbili kila upande. Ukishaipita Tegeta unabaki na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi: lori la mchanga likikaa mbele na katikati kuna mstari mzima usioruhusu kupita, msafara wote unatembea mwendo wa lori. Jioni kuna na kukatisha ruti. Ubavuni imeandikwa Bagamoyo, ikifika Bunju konda anagonga bodi, "mwisho hapa", gari linageuza kufuata vichwa vya mjini. Unashuka na mzigo wako, unatafuta gari lingine, nauli mpya.

Ujanja wenyewe uko kwenye neno "Dar". Ukivuka Bunju unaingia Mapinga, tayari ni Mkoa wa Pwani, Wilaya ya Bagamoyo. Dalali anaanza kuhesabu mpakani! Kwa hesabu hiyo hajadanganya, ila Bunju hakuna ofisi yako.

Na wale wa "foleni ikizidi zungukia Msata": Bagamoyo hadi Msata peke yake ni kilomita 64. Yaani safari nzima ya Posta, halafu hujaiona hata Chalinze, ambako ndiko unaanza kurudi Dar.

Kabla hujatoa hela ya kishika uchumba, kiendee kiwanja Jumatatu. Jumapili ndiyo siku wanayopenda kukupeleka wao, kwa gari lao, kioo juu na kiyoyozi. Wewe anza kinyume: uwe kiwanjani saa 11 alfajiri, utoke kwa bodaboda hadi lami, upande kosta mpaka geti la kazini. Andika saa tatu tofauti: ya kutoka kiwanjani, ya gari kuondoka kituoni, na ya kufika. Ile ya katikati ndiyo inayofichwa. Ukiwa na gari lako, sifurisha kihesabu kilomita palepale kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja, si barabarani, maana "karibu na lami" huwa kilomita nne za udongo wa mfinyanzi, na masika bodaboda anaishia njiani.

Dalali mwenye dakika 45 zake aweke hapa kituo alichoanzia, siku na saa. Picha ya ramani ya saa 8 usiku hatuitaki.