Pete ya ubingwa haimwingii mpwa wangu

Wakuu, mpwa wangu anacheza kikapu chuo kimoja kidogo huku Ohio. Wametwaa ubingwa, kapewa pete kubwa kama kizibo cha soda, jina na namba 14 zimechongwa ubavuni. Haipiti fundo la kidole! Sonara akiipanua, vijiwe havitang'oka?

— Kwanza angalia muhuri wa karati (kipimo cha usafi wa dhahabu) kwa ndani. Pete nyingi za vyuo si dhahabu, na vijiwe ni zirkonia tu, yaani almasi bandia. Aloi (mchanganyiko wa metali) ngumu haipanuki kirahisi. Irudisheni kwa waliotengeneza.

— UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) walibeba ubingwa wa kikapu wa vyuo Marekani 2023 na 2024 mfululizo. Hao shida yao ni vidole viwili 😂

— Nimeangalia, karati haijaandikwa. Na dada yangu keshawatambia majirani kuwa ni dhahabu tupu! Kwa sasa dogo anaivalia kidole cha mwisho.